Mia Mbili kwa Skrini ya Sitini

Kompyuta ya mjukuu wangu ilikuwa inanguruma kama lori la jeshi linalopanda kilima cha Mbuya, hapa Kampala, na gia mbovu. Malori hayo nayajua. Nilizaliwa kambini, nikaolewa kambini, na hata baada ya mume wangu kustaafu na kufa sikwenda mbali. Niko hapa chini ya kilima, vyumba viwili, kikaango cha chapati za kuuza mbele ya mlango. Kelele hainitishi. Lakini lori likinguruma unajua limebeba askari. Ile mashine sikujua imebeba nini.

Mjukuu huyu ni wa binti yangu wa kwanza, anayefanya kazi ya ulinzi Uarabuni. Nimemlea tangu alipoachishwa ziwa. Ni msichana mrefu, mkavu, vidole kama vya mpiga kinanda. Mchana anasoma chuo, jioni anacheza gemu. Sisemi anacheza kama watoto wanavyocheza. Ana timu, ana mazoezi, ana kapteni wa kufokafoka. Wenzake wako Nairobi na Mombasa, wanakutana kwenye intaneti tu, kila mmoja kavaa vile vidude vya masikioni, wanaongea Kiswahili. Na hicho Kiswahili kampa nani? Mimi. Shangazi zake walikuwa wananicheka, eti namfundisha mtoto lugha ya kambi, lugha ya askari ya kukamatia watu. Leo anaongea na Nairobi nzima, na hao shangazi wakipanda basi la kwenda Nairobi wanatafuta mtu wa kuwaulizia choo kilipo. Najivuna, sikatai.

Mashine aliiunga mwenyewe. Kipande hiki kakipata Nakivubo, kingine Kikuubo kwa mtu anayeuza vitu vilivyotolewa maofisini, kingine kwa rafiki wa chuo. Kila kipande kilipofika alinionyesha kwa mikono miwili, kama mtu anayekuonyesha mtoto mchanga. Skrini ndiyo ilikuwa nzee kuliko vyote, ina mkwaruzo pembeni.

"Skrini nitabadilisha baadaye, Jaja," aliniambia. Jaja ni mimi. Kampala mjukuu anamwita bibi yake hivyo, nyumba iwe inaongea lugha gani.

Siku moja alikuja fundi kutazama televisheni yangu iliyokuwa inaonyesha watu wa kijani. Wakati anafunga skrubu zake, jicho likamwendea kwenye kompyuta ya msichana, ambaye alikuwa katikati ya mazoezi. Pembeni ya skrini palikuwa na namba ndogo inayochezacheza. Nilikuwa nimeiona siku nyingi nikidhani ni saa.

"Ile nini?" nikamuuliza.

"Fremu, mama. Mashine inachora picha moja, nyingine, nyingine, haraka mpaka wewe unadhani mtu anakimbia. Yake inachora mia mbili kila sekunde." Akacheka kidogo. "Lakini skrini kama hii inaonyesha sitini tu."

"Na zile nyingine?"

"Hazionekani."

Akabeba begi lake akaenda. Hakusema uongo. Kosa si lake hata kidogo. Mimi ndiye niliyeliokota hilo neno "hazionekani" nikalichonga likawa rungu.

Inabidi nieleze kwa nini. Shule niliishia darasa la tatu. Katika kikundi chetu cha Jumapili, wake na wajane wa askari na polisi, wapo waliofika mbali kunishinda, na wakizungumza mambo ya simu na kompyuta mimi huwa namimina chai. Tunakutana nyumbani kwangu kwa sababu ya chapati, najua, si kwa sababu ya maneno yangu. Sasa nilikuwa nimepata neno. Nilikaa nalo wiki ile kama mtoto aliyeficha pipi shavuni, naingoja Jumapili.

Jumapili ikafika. Waliotoka kanisani wakafika, waliotoka kuswali adhuhuri wakafika, mikeka ikatandikwa. Chumba cha pili mashine ikaanza kunguruma. Jirani yangu wa ukuta mmoja, mke wa sajenti mstaafu, mwanamke mwenye ulimi mkali kuliko pilipili ya kamulali, akasema, "Huyo mjukuu wako anarusha ndege humo ndani?"

Nikaona nafasi yangu. Nikamwita msichana. Akaja, akapiga magoti akawasalimia wakubwa mmoja mmoja. Baba yake ni Muganda, hivyo ndivyo alivyolelewa, na mimi napenda watu wamuone akifanya hivyo.

"Mama zako hawa wanauliza mashine inalilia nini," nikasema. "Waambie inachora picha ngapi."

"Kama mia mbili, Jaja."

"Na skrini yako inaonyesha ngapi?"

Akanitazama. Alishangaa nimelijulia wapi. "Sitini."

"Mmesikia?" Nikawageukia wenzangu. "Wageni sitini, mpishi anapakua sahani mia mbili! Hizo nyingine anakula nani? Shetani?"

Walicheka jamani. Jirani yangu alicheka mpaka chai ikampanda puani. Mwingine, mjane wa polisi, akapiga paja, "Kumbe ndiyo maana umeme unaisha!" Mimi nikakaa wima kama nimevishwa nishani.

Msichana alikuwa bado chini. Akasema taratibu, "Jaja, zile hazionekani kwa macho, lakini tofauti iko. Naisikia mkononi."

"Mkono wako una macho?"

Wakacheka tena.

"Si macho. Nikisogeza mkono, ile ya mia mbili inanijibu mapema. Ile ya..."

"Mama Mia Mbili!" jirani akamkata. "Huyu tumwite Mama Mia Mbili. Akiolewa atapika mchele wa harusi kwa watu wawili."

Hapo ningeweza kunyamaza. Kicheko nilikuwa nimeshakipata. Lakini kicheko ni kama chumvi kwangu, nikionja nataka tena. Nikasema kwa sauti ya marehemu mume wangu, ile ya gwaride: "Kuanzia leo, katika nyumba hii, mashine hiyo inachora sitini. Kadiri skrini inavyoonyesha. Unaweza kuifunga hapo?"

"Naweza."

"Basi ifunge. Nimesema mbele ya mama zako."

Akasema, "Kale, Jaja," yaani sawa, akainuka akaenda. Baada ya kidogo ule mngurumo ukashuka, ukawa pumzi tu. Wenzangu wakapiga makofi. Mimi nikajimiminia chai ya pili.

Lazima mjue maana ya kusema mbele ya watu katika nyumba yangu. Mume wangu alikuwa sajenti meja. Akimfokea askari mbele ya wenzake, kisha akagundua amekosea, hakumwita pembeni. Aliwapanga walewale waliosikia, akalifuta mbele yao. Na nyumbani alifanya vivyo hivyo. Aliwahi kuniambia mbele ya kaka zake kwamba nimemuunguzia kola ya sare. Baadaye akakumbuka ni yeye mwenyewe aliyeegesha pasi. Alituma watu wawaite kaka zake warudi, wakarudi kutoka mbali, wakakaa, akasema, "Kola niliunguza mimi." Wakala, wakaondoka. Watoto wangu wote wamekulia humo, na mjukuu pia. Neno la faraghani unaweza kulibishia faraghani. Neno la mbele ya wageni linakaa mpaka wageni walewale waje wasikie likiondolewa. Nilijua hivyo nilipolisema. Ndiyo maana nililisema.

Wiki ile akafanya mazoezi na sitini. Mara mbili nilimuona akisimama katikati ya mchezo, anakunja na kukunjua vidole, kama mtu aliyevaa viatu vya mwenzake. Mimi sikuuliza, nilikuwa nafurahia ule ukimya wa mashine.

Jumamosi alasiri ilikuwa mechi yake. Kapteni alikuwa na nafasi moja kwenye timu ya mashindano na wachezaji kadhaa wanaoitaka, mmoja wao wa Mombasa. Msichana alikuwa ameiongelea nafasi hiyo tangu mvua zianze. Mimi, kwa kiburi changu, nikamwalika jirani wa ukuta mmoja aje atazame damu yangu inavyocheza. Nilimkaangia na chapati za mayai. Tukasimama nyuma ya kiti kama watu wanaotazama televisheni.

Vidude vyake vya masikioni vilikuwa vimekatika waya, kwa hiyo sauti zilitoka kwenye spika. Nairobi yote ikawa chumbani kwangu. Mchezo wenyewe ni wa kulengana na kupigana risasi kwenye vichochoro. Sielewi mengi, lakini nimeishi na watu wa bunduki, najua aliyechelewa anaonekanaje. Mjukuu wangu alikuwa anachelewa. Si sana. Anatokeza kwenye kona, anaona mtu, anasogeza mkono, na yule mtu tayari kashampiga. Kona nyingine, vilevile. Shingo yake ikaanza kutoa jasho.

"We wa Kampala!" kapteni akafoka. Sauti ya kijana wa Nairobi. "Mbona unafika kila mahali kama umetumwa na posta? Umefunga fremu ama?"

"Nimefunga," akasema.

"Ngapi?"

"Sitini."

Wakalipuka kucheka. "Sitini? Siku ya mechi? Nani amekuroga?"

Nikasimama na sahani yangu ya chapati. Nilingoja aseme. Haki yake ilikuwa kusema. Jirani yangu alikuwa ananitazama pembeni ya jicho.

"Ni utaratibu wa nyumbani," akasema mjukuu wangu.

"Utaratibu gani wa nyumbani unahesabu fremu? Mko na askari huko?"

Wakacheka tena, na yeye akacheka nao kidogo, kicheko cha kufunika sufuria. Hakunitaja. Hakugeuka kunitazama. Mechi ikaisha wameshindwa, na kapteni akasema nafasi ataitoa Jumatatu baada ya mazoezi ya mwisho, na kwamba yeye anataka mtu aliye macho.

Jirani yangu akachukua chapati moja kutoka kwenye sahani, akasema, "Bambi, ngoja nikaanue nguo zangu." Nguo zenyewe hakuwa amefua. Bambi ni neno la kuonea huruma, na sikujua anamuonea nani.

Uso wangu ulikuwa moto kuliko kikaango. Nimewahi kuaibika maishani. Nimewahi kuanguka na ndoo ya maji mbele ya gwaride zima, sketi ikapanda mpaka usoni. Lakini aibu hiyo ilikuwa ya magoti kuchubuka, nilicheka kesho yake. Hii nilishindwa pa kuiweka. Mtoto kanifunika mbele ya wenzake, na mimi nilikuwa nimemvua nguo mbele ya wenzangu.

Jumapili asubuhi akaamka kama kawaida, akapiga magoti, "Wasuze otya, Jaja," umeamkaje, akawasha mkaa. Afadhali angenuna. Mtoto akinuna unampiga kelele, kelele inakusaidia. Nilikanda unga mpaka ukawa mgumu kama kisigino.

Mwishowe nikasema, nikiwa nimeupa mgongo mlango, "Hicho unachosikia mkononi ni nini?"

Akanifuta unga vidoleni kwa kitambaa, akaniingiza ndani, akaniketisha kwenye kiti chake. Akaniwekea mkono wangu juu ya ile panya ya kompyuta. "Zungusha tu, Jaja. Usitazame mkono, tazama skrini."

Nikazungusha. Vichochoro vikazunguka. "Hii ndiyo sitini," akasema. Akabonyeza vitu, mashine ikaanza kunguruma. "Na hii ni mia mbili. Nafungua kidogo tu uone, halafu narudisha."

Nikazungusha tena.

Sikupenda nilichokisikia, kwa sababu nilikisikia mara moja. Mikono hii imesukuma chapati tangu sijavunja ungo. Inajua unga umepumzika au haujapumzika kabla macho hayajafika. Ile ya kwanza ilikuwa kama mwiko wenye mpini uliolegea. Unasukuma, mpini unaenda, kisha ndipo kichwa cha mwiko kinakumbuka kufuata. Hii ya pili mwiko ulikuwa umekaza. Picha machoni ilikuwa karibu ileile. Hata ilikuwa mbaya kidogo, kwa sababu nikizungusha haraka ilikatika katikati, juu mbele, chini nyuma, kama kitenge kilichoungwa na fundi mlevi. Lakini mkono haukudanganyika.

"Rudisha ile," nikasema. Akarudisha. Mpini ukalegea. "Rudisha hii." Ukakaza. Nikafanya hivyo mara kadhaa, natafuta mahali pa kusema mtoto amekosea. Sikupapata.

"Lakini skrini inaonyesha sitini," nikasema. Sauti yangu ilikuwa ya mtu anayeshikilia mlango ambao umeshafunguka.

"Ndiyo. Haiwezi zaidi." Akachuchumaa kando ya kiti. "Jaja, asubuhi unapoanza kukaanga, nani amekuagiza?"

"Hakuna. Naweka tu."

"Kwa nini usingoje mteja afike?"

"Akifika akute iliyokaa? Ikikaa inakuwa soli."

"Basi skrini ndiyo mteja. Inakuja mara sitini, kila ikija inachukua moja. Mashine ikipika sitini tu, inachukua iliyokaa kidogo. Ikipika mia mbili, inachukua iliyotoka motoni sasa hivi. Picha ni hizo hizo sitini. Ila ni za moto."

"Na zingine zinatupwa."

"Zinatupwa. Na umeme unakwenda, hapo ulisema kweli. Na mtu anayecheza kujifurahisha asihangaike, si tofauti kubwa. Ni unywele tu, Jaja."

"Jana umeshindwa kwa unywele?"

Akafikiri. Huyu mtoto hasemi uongo hata pale uongo ungemsaidia. "Sijui. Pengine ningeshindwa tu. Yule wa Mombasa ni hodari."

Ningefurahi angesema ndiyo, au angesema hapana. Hilo "sijui" ndilo ninalolala nalo.

"Basi acha hivyo," nikamwambia. "Acha mia mbili. Kesho ucheze nayo."

Hakusogea. Alitazama sakafu, kisha akanyoosha mkono, akabonyeza, na mngurumo ukashuka. "Jaja, ulisema mbele ya wageni."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayekukumbusha umesahau kuvaa kitambaa cha kichwa. Na mimi ndiye niliyemfundisha.

Mchana wote ule niliomba mvua. Mvua ikinyesha kikundi hakikutani. Jua likawaka mpaka mabati yakalia. Wakaja wote, hata yule mjane wa polisi ambaye huwa anakosa. Nikamimina chai. Nikamimina tena kwenye vikombe vilivyojaa. Jirani wa ukuta mmoja akaniangalia, na nikajua bado hajawaambia ya Jumamosi, ananingoja. Hilo nalo liliniuma, kwamba mwenye pilipili mdomoni alikuwa na staha kuliko mimi.

Nikamwita msichana. Akapiga magoti, akaanza kusalimia.

"Simama," nikasema. "Leo usipige magoti. Simama hapo."

Nilitaka kutumia ile sauti ya gwaride, haikuja. Ikatoka ya bibi kizee. "Wiki iliyopita nilisema neno hapa kuhusu mashine ya mtoto huyu. Nilisema mia mbili ni upuuzi. Sikuwa najua. Nilikuwa nimesikia nusu ya jambo kwa fundi, nikataka mnione nami najua. Nimeshika mwenyewe kwa mkono wangu. Tofauti iko. Mtoto alisema kweli, na mimi nikamchekesha kwenu. Ile amri naiondoa. Afungue."

Hakuna aliyecheka. Nilikuwa nimejiandaa kwa kicheko, nimejikaza tumbo, na hakikuja, nikabaki nimekaza tumbo bure. Mmoja akakohoa. Mjane wa polisi akauliza polepole, "Kwa hiyo zile zisizoonekana zina kazi?"

"Zina kazi," nikasema.

"Kazi gani?"

Nikafungua mdomo nieleze habari ya mteja na chapati, na maneno yakanipotea yote. Nikamtazama mjukuu. Akawaeleza yeye, akiwa amesimama, kwa maneno machache, na walimsikiliza. Alipomaliza alikwenda chumbani na mashine ikapanda kilima na gia yake mbovu. Ukuta ukatetemeka kidogo. Jirani yangu akaweka kikombe chini.

"Sasa jina la Mama Mia Mbili tumelimwaga," akasema. "Lakini jina haliendi bure. Wewe ndiwe Mama Sitini."

Hapo ndipo walipocheka. Nikacheka nao, lakini mikono yangu niliificha chini ya leso.

Jumatatu alicheza na mia mbili zake. Sikuingia. Nilikaa kwenye kikaango nje nikisikiliza mngurumo kupitia dirishani, naweka chapati ambazo hakuna aliyeziagiza. Alipotoka alikaa kwenye kigoda karibu nami. Nafasi amepewa yule wa Mombasa. Yeye kawekwa akiba, acheze mwenzake akikosekana.

"Kapteni kasema leo nilikuwa mwingine kabisa," akaniambia. "Kasema kama Jumamosi ningecheza hivi..." Hakumalizia. Alichukua chapati iliyokuwa motoni, akaitupatupa mkononi kwa sababu ya joto, akala.

Nikamwekea nyingine.

Jina limebaki. Sasa hata watoto wa barabarani wanalijua, na maaskari vijana wanaoshuka kilimani asubuhi wakitafuta chai. Wengi hawajui limetoka wapi, wanadhani ni umri wangu, na umri huo nimeupita zamani. Wanasimama mbele ya kikaango na kuita, "Mama Sitini, tupe ya moto!" Mjukuu akiwepo huinamisha kichwa kwenye mkaa asinitazame. Naitika. Nawapa iliyotoka sasa hivi.